Mto hauuzwi, lakini njia ya kwenda mtoni inafungwa

Wiki hii sikuandika kitu kipya. Hapa chini ni maneno niliyosema Kivaa Jumamosi alasiri, mbele ya vijana na wazee walioniita niwaeleze hii kelele ya "ardhi ya kando ya mto" inayosikika kila siasa zikipamba moto. Nimeyaweka karibu vile nilivyoyasema. Sheria za uzi ni zile zile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Ukitaja kwenye majibu nafuta, tusilaumiane.

Wazee wetu, kina mwaitu, vijana wenzangu, asanteni kwa kuja na jua hili.

Tangazo ninalozungumzia limepita kwa simu za wengi hapa. Ranchi inauzwa. Mlima nyuma, mto mbele. Picha tamu, maji yanametameta, mzungu amesimama ndani hadi magotini na fimbo ya kuvulia. Na chini yake maneno: uvuvi wa binafsi wa trauti.

Nianze na huyo samaki kwa sababu ananichekesha. Trauti ni samaki wa maji baridi. Si wa hapa na si wa Kenya kabisa. Walowezi walimleta mwaka 1905 na kumwaga mbegu yake mto Gura, kule Aberdare, kwa sababu walitaka kuvua vile walivyozoea kwao Uingereza. Mpaka leo yuko kwenye mito ya Nyeri, na kuna kituo cha kuzalisha vifaranga vyake pale Kiganjo. Sasa angalieni: maji ya Gura yanateremka yanaingia Sagana, Sagana inakuwa Tana, na Tana ndiyo hii inayojaza Masinga. Kwa hiyo maji ya trauti yanatufikia. Trauti mwenyewe anabaki huko juu, maana maji yakipita nyuzi 20 hivi anaanza kuteseka, na bwawa letu liko kwenye mita 1,056 tu juu ya usawa wa bahari, na joto la huku mnalijua kuliko mimi. Hapa ni tilapia na kambare. Anayekuuzia trauti Kivaa amenakili tangazo la Marekani akasahau kubadilisha samaki.

Mmecheka, sawa. Lakini neno la kuogopa kwenye hilo tangazo ni "binafsi".

Mambo kama haya yakifika jukwaani huwa kuna hotuba mbili tu. Wa kwanza anasema mwekezaji anakuja, kutakuwa na hoteli, kazi mia kadhaa, barabara ya lami, na anayepinga ni adui wa maendeleo. Wa pili anasema mlima wa babu zetu umeuzwa, mto umeuzwa, amkeni. Wote wanapigiwa makofi. Mimi nimekaa nikasikiliza hotuba za aina zote mbili, na hakuna hata moja niliyosikia ikitaja njia ya kwenda kuteka maji. Wote wanabishana juu ya nani mwenye mto, na hilo swali lilishajibiwa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inaorodhesha ardhi ya umma. Mito yote na maziwa yote yamo kwenye orodha hiyo. Serikali ya kitaifa inayashika kwa niaba ya wananchi. Halafu Sheria ya Maji ya 2016 inarudia jambo hilo kwa maji yenyewe: kila chanzo cha maji kinashikiliwa kwa amana ya watu wa Kenya. Kwa hiyo yule wa jukwaa la pili anaposema mto umeuzwa, anakosea. Na mwenye tangazo anayesema mto ni wake pia anakosea. Hata samaki walio mtoni si wake. Uvuvi uko chini ya sheria ya 2016 ya usimamizi wa uvuvi, na anayetaka kuvua kwa biashara au kwa mchezo anatafuta leseni. Ukichimba kidimbwi chako ukaweka vifaranga vyako, hao ni wako, wale ukipenda. Lakini wa Tana hawana hati miliki.

Niongeze jambo ambalo watu hulichanganya sana, hata mawakili vijana. Ule ukanda wa kando ya mto. Kanuni za mazingira zinakataza maendeleo kati ya mita 6 na mita 30 kutoka mahali maji yalipowahi kufika juu zaidi, kutegemea upana wa mto. Wakati wa mafuriko ya 2024 kila redio ilikuwa ikitaja mita 30, na tangu hapo watu wengi wanaamini ukanda huo ni mali ya umma ambayo mtu yeyote anaweza kupita. Hapana. Mara nyingi ukanda uko ndani ya shamba la mtu. Amekatazwa kujenga hapo, amekatazwa kulima hadi ukingoni, lakini ardhi imebaki yake. Kizuizi kinamhusu yeye. Hakikupi wewe ruhusa ya kupita.

Tofauti kidogo ni huku kwenye mabwawa. Kamburu ilianza kazi 1974, Masinga 1981, na serikali ilichukua ardhi kwa ajili ya ujenzi na kwa ajili ya maji kujaa. Kwa hiyo mtu akikuonyesha shamba "linalogusa maji", kaulize ofisi ya ardhi jiwe la mpaka liko wapi, kwa sababu huenda shamba lake linaishia kabla ya maji kuanza, na kile kipande cha katikati anakuuzia hewa.

Sasa tufike penyewe.

Sheria ya Maji inasema huhitaji kibali kuchukua maji ya matumizi ya nyumbani, ukiwa hutumii mitambo. Mtungi wako, mgongo wako, basi. Lakini sentensi inaendelea, na ule mkia wake ndio ulionileta hapa leo. Inasema: kwa mtu mwenye njia halali ya kuyafikia. Njia halali! Yaani una haki ya maji, lakini haki hiyo inasimama kwenye kile kinjia kinachopita kati ya minyaa ya shamba la jirani. Shamba likiuzwa, mnunuzi akaweka seng'enge na askari wa getini, mto utabaki wa umma kama Katiba inavyosema, na mwaitu atauona vizuri kabisa kutoka upande huu wa ua.

Hakuna aliyeuza mto hapo. Hakuna aliyevunja kifungu cha 62. Na bado mtoto anayetembea nusu saa kwenda kuteka maji kabla ya shule sasa anatembea saa moja na nusu. Mniambie hilo ni jambo dogo.

Najua mtasema basi tumkataze mzee asiuze. Mimi siko hapo. Kifungu cha 40 kinalinda mali yake, na mtu ana karo, ana bili ya hospitali, mvua imekataa misimu miwili. Kumtangaza mzee kwenye baraza kama msaliti kwa sababu ameuza shamba lake ni ukatili, na nimechoka kuwaona watu wasiomsaidia hata na gunia la mahindi wakimpigia kelele siku ya kuuza. Auze. Ila auze alicho nacho. Kama watu wamekuwa wakipita humo tangu hapo, hana shamba lisilo na njia la kumuuzia mtu.

Na sheria iko upande wenu kuliko mnavyodhani. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 28, inasema kuna haki zinazoifunga ardhi hata kama hazijaandikwa kwenye rejista. Miongoni mwake ni haki za kupita na haki za maji zilizokuwepo wakati shamba linasajiliwa mara ya kwanza. Mnunuzi hawezi kusema "hati yangu ni safi". Na ile sheria ya ukomo wa mashauri, kifungu cha 32, inasema njia iliyotumika kwa amani, wazi, kama haki, bila kukatizwa kwa miaka 20, inakuwa haki kamili ya kupita.

Sasa sikilizeni hapa vizuri, kwa sababu hapa ndipo ustaarabu wetu unatuponza. "Kama haki." Ukipita kwa ruhusa, miaka haihesabiki. Na sisi tumelelewa kuomba. Unapita kwa mzee, unasalimia, unasema nau, naomba nipite kidogo nikateke maji. Anasema pita mwanangu. Huo ni utu, lakini wakili wa mnunuzi akisimama mahakamani atasema: mmesikia, walikuwa wakiruhusiwa, na ruhusa huisha. Siwaambii muache kusalimia wazee! Nawaambia njia iwekwe kwenye maandishi wakati mzee bado yuko hai, bado ni jirani na bado anataka mpite. Akitia sahihi makubaliano ya haki ya njia yakasajiliwa kwenye faili la shamba lake, yanamfuata kila atakayenunua baadaye. Hilo linafanyika siku ambayo hakuna ugomvi. Siku ya seng'enge limekuwa kesi, na kesi ya ardhi mtaipeleka Machakos mjini, na nauli mnazijua.

Mahali pa kusikia habari mapema ni bodi ya udhibiti wa ardhi. Shamba la kilimo haliuzwi bila idhini yake, na mauzo bila idhini ni batili. Bodi haikai kujadili njia zenu, tusidanganyane, ila majina ya mashamba yanayotaka kuuzwa yanapita pale kabla ya ua kufika. Na mwenye madai ya haki anaweza kuomba zuio liwekwe kwenye faili la shamba mpaka asikizwe. Kama mnunuzi si raia, kumbukeni pia kifungu cha 65: hapati zaidi ya ukodishaji wa miaka 99, na kampuni haihesabiwi raia mpaka iwe inamilikiwa na raia watupu. Tangazo linalomwahidi mgeni umiliki wa milele linamdanganya yeye pia.

Kijana mmoja kabla sijaanza aliniuliza kama Wamarekani wenyewe, wenye hayo matangazo, wanaruhusu mto kufungwa. Inategemea jimbo. Montana, ambako ranchi za trauti ni biashara kubwa, ilipitisha sheria mwaka 1985 kwamba mtu yeyote anaweza kutembea na kuvua mtoni hadi alama ya kawaida ya maji kujaa, hata mto ukikata katikati ya ranchi ya tajiri. Wyoming, jirani yake tu, chini ya mto ni mali ya mwenye shamba: unaweza kuelea na mashua, ukishuka ukakanyaga umeingia kwa mtu. Lakini utamu uko Montana. Mto ulipofunguliwa, wenye ranchi walifunga seng'enge hadi kwenye madaraja, pale watu walipokuwa wakishukia majini. Ikabidi ipitishwe sheria nyingine, mwaka 2009, kuhusu kushuka kwenye madaraja tu. Miaka 24 baada ya kushinda mto, walikuwa bado wanapigania mahali pa kuteremkia.

Kwa hiyo msimu wa kura ukifika na mtu akapanda jukwaani akasema atalinda mto wenu, muulizeni ni njia ngapi za maji wadi ya Kivaa ambazo zimeandikwa kwenye ramani. Muulize na yule wa hoteli pia, swali hilo hilo. Mkutano wa kaunti wa bajeti ukija, ombeni pesa za mpimaji wa ardhi kabla ya kuomba lango la mji. Mpimaji ni ghali, na hakuna mtu anayepigwa picha akizindua kinjia.

Maswali yalikuwa mengi, naweka moja tu kwa sababu limenibakia kichwani. Mwaitu mmoja aliuliza: hiyo ruhusa ya kuteka bila kibali, na punda je? Yeye ana punda watatu na anauzia majirani mitungi miwili mitatu wakati mwingine. Nilimjibu vile ninavyoisoma sheria: punda si mtambo, pampu ndiyo mtambo. Maji ya nyumbani kwake hayana neno. Hayo ya kuuza si matumizi ya nyumbani tena, na hapo nilimwambia aulize ofisi ya maji asije akaniponza. Akasema ofisi iko mbali kuliko mto.

Uzi wa wiki ijayo ni ushuru wa soko: nani anauweka, nani anaukusanya. Maswali wekeni hapa chini.