Homa Isiyochoma Kiganja



Sheria ya Marekani inataka angalau saa 75 za mafunzo kabla mtu hajawa msaidizi wa muuguzi katika nyumba ya wazee. Ninyi wahitimu mmezimaliza. Naomba niwaongezee dakika chache tu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimhudumia bibi mmoja ambaye kila asubuhi alimaliza uji wake, kisha akakunja kitambaa cha mezani mara nne. Siku moja uji ulipoa mbele yake, kitambaa kikabaki sakafuni, naye akaniita kwa jina la dada yake. Nikampima joto: 37.4. Nikaandika “hana homa”, nikaenda chumba cha pili. Jioni alikuwa anapumua mara 28 kwa dakika. Nimonia. Alipona, lakini hakutembea tena bila kushikwa mkono.

Mama zetu walituwekea kiganja kwenye paji la uso wakajua tunaumwa. Kwa mzee, kiganja hudanganywa. Mwili uliochoka hauwaki moto kama wa mtoto. Ndiyo maana mwongozo wa mwaka 2008 wa chama cha mabingwa wa magonjwa ya kuambukiza wa Marekani unahesabu kuwa homa joto la mdomoni linalozidi 37.8 hata mara moja, au linalozidi 37.2 likijirudia, au lililopanda zaidi ya nyuzi 1.1 juu ya kawaida ya mzee mwenyewe. Kawaida ya bibi yule ilikuwa 36.2. Iliandikwa kwenye faili, mimi sikufungua.

Na mara nyingi maambukizi hutangulia kubisha kwa mlango mwingine: mzee anachanganyikiwa ghafla, anaanguka, anajikojolea, anasusa chakula. Daktari hupita kwa nadra. Muuguzi ana wagonjwa tele. Anayemwogesha na kumlisha ni wewe.

Tumefundwa kwamba mdogo hasemi mbele ya wakubwa. Kazini, sema. Usiseme tu “leo simwelewi”. Sema joto lake, pumzi zake, vijiko alivyokula. Pumzi zikifika 25 kwa dakika, usingoje zamu iishe. Ukipuuzwa, rudia.

Kesho asubuhi, pamoja na kipimajoto, tazameni na kitambaa kama kimekunjwa.