Kuyaaga Yaliyopita kwa Shairi



Methali yetu inasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Tunaitumia kuwapatanisha waliogombana, na hapo inafaa kweli. Lakini siku hizi tumezoea kuipeleka hata matangani. Mama wa watu hajamaliza arobaini ya mumewe, tayari ameshaambiwa asahau. Mfanyakazi aliyepunguzwa kazini baada ya miaka ishirini anaambiwa hayo yamepita, ajikaze. Leo nauliza: mtu ambaye hajapata nafasi ya kuyasema yaliyompata, atayaacha vipi?

Wazee wetu walikuwa na njia yao, nayo ni utungo. Tumchukue Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, utenzi unaohesabiwa kuwa wa mwanzoni mwa karne ya 19. Mji wa Pate, katika visiwa vya Lamu, ulikuwa umekwisha kuanguka wakati huo. Ulikuwa umetajirika kwa biashara ya baharini, na matajiri wake walijenga majumba ya mawe yenye madaka ukutani ya kupangia vyombo vya thamani. Mtunzi anatuonyesha taa zilizokuwa zikiwaka humo, kisha anatuonyesha majumba yaleyale yakiwa kiza, popo wakining'inia juu na makinda ya ndege yakilala kwenye madaka ya sahani.

Angalieni anavyofanya kazi yake. Kusema kwamba dunia inapita, kila mtu anaweza. Yeye anaitaja nyumba na vilivyokuwamo, anawataja na watu kwa majina yao, akiuliza wako wapi. Na anayeulizwa ni moyo wake mwenyewe, kama mtu amwamshaye ndugu aliyelala. Hauambii moyo usahau Pate. Anautaka uitazame Pate mpaka ukubali kwamba haipo tena, ndipo uanze kujiandalia safari yake wenyewe.

Katika visiwa hivyohivyo, mwaka 1858, alikuwako Mwana Kupona binti Mshamu. Alikuwa mgonjwa, na mumewe, Bwana Mataka wa Siu, alikuwa amefariki mwaka 1856. Mama huyu akamtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa mawaidha juu ya dini, adabu na maisha ya ndoa. Baadhi ya mawaidha hayo akina mama wa leo wanayapinga, na mjadala huo ni wa haki. Mimi natazama jambo jingine. Katikati ya mawaidha anaikumbuka ndoa yake, jinsi alivyoishi na mumewe kwa mapenzi hadi kifo kilipowatenganisha. Hakukaa na kumbukumbu hiyo kuililia peke yake. Aliigeuza ikawa urithi wa mtoto.

Nami nina ushuhuda wangu mdogo. Nilipofiwa na kaka yangu mkubwa, msiba ulifuatiwa na ugomvi wa kiwanja. Maneno yalisemwa, na kwa miezi mingi mimi na shemeji yangu tulisalimiana kwa kupungiana mkono tu barabarani. Usiku nilikuwa nalala na maneno yale, asubuhi naamka nayo.

Nikachukua daftari, nikaanza kutunga. Shairi nililolichagua ni lile la kawaida: beti za mistari minne, kila mstari mizani kumi na sita, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Mwanzoni nilitaka kutia kila kitu: gharama za hospitali, nani alisema nini matangani, mipaka ya kiwanja. Nikihesabu mizani kwa vidole, mambo hayo hayaingii. Ugomvi unataka maelezo marefu, na mizani nane haina subira na maelezo.

Vilivyoingia ni vingine kabisa. Iliingia baiskeli aliyokuwa akinipakia kwenda shule. Iliingia sauti yake akiniita kwa jina la utotoni tangu njiani, kabla hajafika mlangoni. Baada ya wiki mbili nilikuwa na beti saba, na ndani yake hamkuwa na kiwanja. Hapo nikaelewa kwamba mizani ilikuwa imenichagulia: hili libaki, hili liende.

Nikaenda kwa shemeji, nikamsomea. Alisikiliza kimya, kisha akaomba nakala kwa ajili ya watoto, kwa kuwa mdogo wao hamkumbuki baba yake. Shauri la kiwanja tulilipeleka kwa wazee, nalo lilichukua muda wake. Lakini tulikwenda pamoja, tukiwa tunazungumza.

Kwa hiyo ndugu wasikilizaji, tusichanganye mambo. Shairi halitoi hukumu wala halitibu maradhi. Mwenye kudai haki yake aidai, na aliyezidiwa na huzuni hata hali wala halali amwone daktari. Kuacha machungu si kuacha haki. Ninachosema ni kwamba methali ile ina neno kuganga ndani yake, na mganga yeyote huanza kwa kumwuliza mgonjwa panauma wapi.

Basi wewe uliye na jambo lililokukaa kifuani, tafuta daftari. Anza na kitu kimoja unachokikumbuka vizuri, kiwe kikombe, njia au sauti. Hesabu mizani kwa vidole, na kisichoingia usikilazimishe. Si lazima utungo wako uletwe redioni wala gazetini. Na ukiwa na jirani aliyefiwa, kabla hujamwambia asahau, mwombe akusimulie, nawe uketi umsikilize mpaka amalize.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.