TUSILITUMIE TENA NENO "MIREMBE" KAMA TUSI

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nilipoombwa niseme machache, nilikumbuka utani wetu wa bwenini. Mtu akifanya kioja tulimwambia, "Wewe wa Mirembe!" Hospitali hiyo, iliyo hapa hapa Dodoma, inatibu wagonjwa wa akili tangu enzi za Mwingereza, nasi tuliigeuza tusi.

Nilikuwa na rafiki. Jina lake nalihifadhi. Tulipokuwa kidato cha tano, kwa wiki nzima alilala muda wa saa tatu tu kila usiku, wala hakuchoka. Alisema harakaharaka, akapanga masomo ya bweni zima. Tukamsifu kwa bidii. Muhula uliofuata hakuinuka kitandani. Tukamwita mvivu. Aliacha shule kabla ya mtihani.

Ndugu zangu, ule ulikuwa ugonjwa wa baipola. Una aina mbili kubwa. Katika ya kwanza, mgonjwa hupandwa na msisimko mkali unaovuruga maisha yake, hata pengine alazwe. Katika ya pili, msisimko ni mdogo, wa siku nne au zaidi, tena hufanana na juhudi; lakini huzuni yake ni nzito. Kwa hiyo aina ya pili hujificha.

Je, ubongo wa aina hizi mbili hutofautiana? Mwaka 2016 watafiti wa nchi nyingi walitoa matokeo ya picha za ubongo za wagonjwa 1,710 na watu wenye afya 2,594. Kwa wastani, hipokampasi ya wagonjwa, sehemu inayosaidia kumbukumbu, ilikuwa ndogo kidogo, na vyumba vya maji ndani ya ubongo vilikuwa vipana zaidi. Lakini aina ya kwanza ilipolinganishwa na ya pili, hawakuona tofauti ya kuaminika.

Hapo nimejifunza mambo mawili. Kwanza, ugonjwa huu umo mwilini. Si uvivu wala kurogwa. Pili, picha peke yake haimwambii daktari ni aina gani. Humwambia maelezo ya waliomwona mgonjwa.

Rafiki yangu alitibiwa huzuni tu kwa miaka mingi, na dawa za huzuni zikitolewa peke yake zinaweza kuamsha msisimko. Hakuna aliyemweleza daktari habari za ile wiki ya kutolala. Mimi niliiona, nikanyamaza. Nilipokuja kuulizwa nikaeleza, ndipo aina ya pili ikatambuliwa. Leo anatumia dawa, na analima zabibu zake.

Ndugu wanafunzi, mwenzenu akibadilika, msimcheke. Mwambieni mwalimu, tena mapema, na mweleze siku zote mbili: za kupanda na za kushuka.