Mali Yetu Ugenini: Tuilinde Kabla ya Kuchangishana



Leo tunasherehekea tarehe 9 Desemba, na nembo ya taifa letu imeandikwa Uhuru na Umoja. Umoja tunao. Mwenzetu akiunguliwa au akiibiwa, bahasha ya mchango huzunguka siku hiyo hiyo. Lakini mchango hununua godoro na sare za shule. Hauwezi kurudisha duka wala samani za nyumba nzima. Ndiyo maana sisi wanakamati tumeomba kuzungumza juu ya bima.

Wengi wetu hapa Uingereza tumepanga. Tukiulizwa bima tunajibu, "Mwenye nyumba anayo." Kweli anayo, lakini yake ni ya jengo. Televisheni, makochi, kompyuta za watoto na nguo zetu hazimo. Hivyo vinahitaji bima ya vyombo vya ndani, na mpangaji huikata mwenyewe.

Tukiikata, tutaje thamani kamili. Mwenye mali ya pauni 20,000 akiandikisha 10,000 ili alipe kidogo, siku akipata hasara ya pauni 4,000 kampuni inaweza kumpa 2,000 tu. Dhahabu za kina mama nazo zitajwe, kwani bima nyingi huweka kikomo kwa kila kitu kimoja. Tuzipige picha na risiti tuzitunze.

Pili, safari. Mwezi huu wako wanaokwenda nyumbani kwa wiki 6. Bima nyingi hupunguza kinga nyumba ikikaa bila mtu zaidi ya siku 30 au 60. Tusome karatasi zetu, tuiarifu kampuni kabla ya kuondoka, na jirani tunayemwamini apewe ufunguo. Bomba likipasuka kwa baridi, ni heri ligunduliwe mapema.

Tatu, biashara. Wako wanaouza sambusa na maandazi kutoka jikoni, wanaosuka nywele sebuleni na wanaosambaza chakula kwa gari. Bima ya kawaida ya nyumba au gari mara nyingi haihusu kazi hizo, hivyo tuitangulie kampuni kwa kuieleza ukweli. Na ukimwajiri mtu asiye wa familia yako, sheria ya mwaka 1969 inakutaka uwe na bima ya mwajiri isiyopungua pauni milioni 5. Usipokuwa nayo, faini inaweza kufika pauni 2,500 kwa kila siku.

Hata hivyo, bima hulipa mali, haimrudishi mtu. Tusiache kikaango cha mafuta motoni tukaenda kupokea simu. Kikiwaka, tusikimwagie maji: tutoke, tufunge mlango, tupige 999. Kila ghorofa iwe na kengele ya moshi. Nanyi watoto, tunawapa kazi: bonyezeni kitufe chake kila mwezi mkisikie kinalia, na mjue kwa moyo anwani ya nyumbani.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tukiziba nyufa hizi, bahasha yetu itabaki kwa yale ambayo kampuni haiwezi kutufanyia: kuozana, kuuguzana na kuzikana.

Heri ya Sikukuu ya Uhuru.