Hotuba ya Mwenyekiti: Watoto Wetu Wanaochelewa Kusoma

Tunamshukuru Mungu kutimiza miaka kumi. Sanduku letu lipo, na funguo zake tatu zipo.

Leo tunalisema jambo tulilokuwa tukilisema pembeni tu. Majumbani mwetu wamo watoto wanaochelewa kusoma. Tuliwaita wazito. Mtoto wa mwenzetu mmoja alirudia darasa la pili, na sisi tukamwambia mama yake, "Mtoe tu shoga, akavue kamba na baba yake." Tulikosa. Mtoto yule anahesabu mafungu ya kamba upesi kuliko sisi, na hadithi akiisikia mara moja anairudia yote. Taabu yake ni herufi.

Mwalimu mmoja akatuonyesha vifaa. Kipande cha boksi chenye tundu refu: unaona mstari mmoja, mingine inafichika. Herufi za kuandika mchangani kwa kidole. Vizibo vya soda vya kuhesabia. Halafu simu janja, nyingi zinasoma maandishi kwa sauti, hata ya Kiswahili, mtoto anafuatisha kwa macho.

Huko Tanga, vijiji karibu 170 vilijaribu vishikwambi vya kufundishia kusoma Kiswahili na hesabu kwa miezi 15, na matokeo yalitangazwa 2019. Vilichajiwa kwa umeme wa jua. Mwanzoni watoto zaidi ya 9 katika kila 10 hawakuweza kusoma hata neno moja. Mwishoni idadi hiyo ilipungua nusu. Wale wengi walikosa shule tu, lakini somo letu ni hili: chombo kikimngoja mtoto, kikasema lugha yake, mtoto anasogea.

Sasa ombi. Mfuko wetu wa jamii ni wa misiba na maradhi. Tunaomba mzunguko ujao usaidie pia watoto hawa: kwanza nauli ya boti mpaka Nyamisati na gari mpaka Kibiti, wapimwe macho na masikio kabla hatujawaita wazito, pili simu moja ya kikundi na sola ya kuichaji. Wapo wanaosema hela ya msiba isiguswe. Jamani, mtoto kutolewa shule nao ni msiba, ila hauna matanga.

Yule mtoto sasa yuko darasa la nne. Anasoma polepole, lakini anasoma.

Tupige kura wenzetu.