Hospitali Iliyobaki Wazi

 

Mara nyingi tunapozungumza habari za vita tunataja majemadari, mizinga na tarehe za mapigano. Leo nataka twende upande mwingine. Nataka tuingie ndani ya mji unaopigwa mabomu, tutazame mama mwenye mtoto anakimbilia wapi, nani anapika chakula, na daktari anafanya nini wakati umeme umekatika na majeruhi wanazidi kuletwa mlangoni. Mji wenyewe ni Nanjing, katika nchi ya China, na mwaka ni 1937.

Kama mna ramani ukutani, tafuteni mto Yangtze, ulio mrefu kuliko mito yote ya China. Mto huo huingia baharini karibu na Shanghai. Toka Shanghai ufuateni kwenda juu, kadiri ya kilomita 300, nanyi mtafika Nanjing. Siku zile Nanjing ndio uliokuwa mji mkuu wa serikali ya China, nao ulikuwa na watu wapatao milioni moja.

Mwezi wa Julai 1937 vita viliwaka kati ya Japani na China. Mwezi wa Agosti mapigano yakafika Shanghai, na tarehe 15 ya mwezi huo huo eropleni za Wajapani zikaanza kuutupia Nanjing mabomu. Toka siku hiyo watu wa mji wakajifunza desturi mpya. King'ora kikilia, mwenye duka hufunga duka lake, mpishi huacha chungu jikoni, na kila mtu hushika njia ya handaki. Mvua ikinyesha mahandaki mengi yaliingia maji, na watu wakaketi humo miguu yao ikiwa majini, wakingoja eropleni zipite.

Alikuwako Mjerumani mmoja, jina lake John Rabe, mwakilishi wa kampuni ya Siemens. Katika ujana wake mtu huyu aliwahi kufanya kazi Msumbiji. Alikuwa na handaki katika bustani yake, na majirani zake Wachina walikimbilia humo. Naye akaweka sharti: nafasi za katikati, zilizo salama zaidi, ni za kina mama wenye watoto wadogo. Sharti dogo, lakini ndani yake mnaonekana jambo kubwa. Mahali penye hofu, lazima awepo mtu wa kupanga zamu, ama sivyo mwenye nguvu humsukuma asiye na nguvu.

Tarehe 25 Septemba mabomu yaliipiga Hospitali Kuu ya mji, ijapokuwa juu ya paa lake palichorwa msalaba mwekundu mkubwa uliokusudiwa kuonekana toka angani. Hapo watu wakafahamu kwamba alama ya msalaba mwekundu ni ahadi tu. Ahadi ikivunjwa, alama haimkingi mtu.

Mwezi wa Novemba Shanghai ikaanguka, na majeshi ya Japani yakaelekea Nanjing. Serikali ikahamia Chongqing, mbali sana juu ya mto. Wenye nauli ya meli waliondoka. Madaktari na wauguzi wengi waliondoka pia, na hatuwezi kuwalaumu, kwa kuwa nao walikuwa na watoto. Waliobaki mjini, walio wengi, walikuwa maskini, wazee, wagonjwa, na watu wasio na pa kwenda.

Sasa tufike kwenye hospitali yetu. Iliitwa hospitali ya Gulou. Neno gulou maana yake ni mnara wa ngoma, kwa sababu karibu na hapo upo mnara wa kale ambako zamani ngoma ilipigwa kuwatangazia watu saa. Hospitali hii ilijengwa na wamisionari mwaka 1892, na ilikuwa na vitanda kama 180. Alibaki humo Mmarekani mmoja, Daktari Robert Wilson, aliyezaliwa Nanjing humo humo mwaka 1906. Mke wake na binti yake mchanga walikuwa wamekwisha kuondoka. Pamoja naye alibaki Daktari Trimmer, wauguzi wawili wa Kimarekani, na kundi dogo la wauguzi na watumishi wa Kichina. Katika hao wote, daktari wa kupasua alikuwa mmoja tu, naye ni Wilson.

Mji ulitekwa tarehe 13 Desemba 1937. Kwa muda wa majuma kama sita askari wa Japani waliua wafungwa na raia, walinajisi wanawake, walipora na kuchoma nyumba. Nasema wazi, maana mambo haya yalithibitishwa mahakamani, na somo likificha jambo haliwi somo tena.

Watu walikimbilia wapi? Kabla mji haujatekwa, wageni wachache waliobaki waliunda kamati, wakamchagua Rabe awe mwenyekiti. Rabe alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi, na kwa kuwa Ujerumani ilikuwa rafiki ya Japani, walitumaini kwamba askari watamsikiliza. Kamati ilitenga sehemu ya mji, yapata kilomita mraba 4, ikaweka bendera mipakani na kuitangaza kuwa ni mahali pa salama kwa raia. Wajapani hawakukubali rasmi kuitambua. Hata hivyo watu wapatao 250,000 walisongamana humo, katika shule, ofisi na nyumba za watu. Katika nyumba na bustani ya Rabe peke yake waliishi watu zaidi ya 600.

Katika chuo cha wanawake cha Ginling walitegemea kupokea wakimbizi 2,700 hivi. Walikuja karibu 10,000, wote wanawake na watoto, wakalala hata katika ngazi na varanda. Mwalimu wa Kimarekani, Bibi Minnie Vautrin, alikimbia huku na huko mchana na usiku kuwazuia askari langoni. Msaidizi wake alikuwa mama wa Kichina, Cheng Ruifang, mwuguzi aliyefunzwa, mwenye umri wa miaka zaidi ya 60. Alihudumia wagonjwa, na usiku aliandika kitabu cha habari za kila siku.

Chakula chao kilikuwa uji wa mchele. Meya wa mji aliiachia kamati mchele na unga kabla hajaondoka, lakini magari hayakutosha kuuleta wote. Basi mkiuliza ni kitu gani kilichookoa maisha ya watu wengi, sehemu ya jibu ni lori na dereva wake.

Turudi hospitalini. Fikirini jeraha la singe, kile kisu kirefu kinachofungwa mbele ya bunduki. Jeraha hilo huwa jembamba kwa nje na refu kwa ndani, nalo huingiza uchafu na nyuzi za nguo mwilini. Mwaka 1937 penisilini ilikuwa bado haijaanza kutumiwa hospitalini. Kwa hiyo daktari alikuwa hana budi kulifungua jeraha, kukata nyama iliyokufa, kulisafisha, kisha kulifunga kwa kitambaa safi na kukibadilisha mara kwa mara. Kazi hii humtaka mwuguzi. Mwuguzi hutaka maji yaliyochemshwa. Maji ya kuchemsha hutaka moto, na moto hutaka makaa. Lakini umeme ulikatika mjini, na maji ya bomba yakakoma.

Na kwa nini umeme haukurudi upesi? Rabe aliandika kwamba katika wafanya kazi 54 wa mtambo wa umeme, 43 walikwisha kuuawa. Walioua watu hao ndio baadaye waliotaka taa ziwake. Msiisahau habari hii. Mji si kuta na barabara tu, bali ni watu wanaojua kazi zake. Ukimwua fundi, umezima taa ya hospitali.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba Bwana James McCallum, aliyesimamia shughuli za hospitali, alifanya kazi ya kutafuta mchele, mboga na makaa ya mawe na kuyaleta kwa gari. Haikuwa kazi ya kusifiwa katika nyimbo, lakini siku asipopata makaa, hakuna maji ya moto, na pasipo maji ya moto jeraha huoza. Hata yeye alijeruhiwa shingoni na askari humo humo hospitalini, mwezi wa Januari 1938. Wauguzi waliporwa saa zao na kalamu zao. Walakini vitanda vilijaa, na hospitali haikufungwa.

Miongoni mwa wagonjwa alikuwamo mama mmoja kijana, Li Xiuying, mwenye mimba ya miezi saba. Tarehe 19 Desemba askari walitaka kumnajisi, naye akapigana nao. Wakamchoma kwa singe mara 37. Wenzake walidhani amekufa, kisha wakaona bado anapumua, wakampeleka Gulou. Mimba iliharibika, lakini Daktari Wilson alimshona, na mama huyo akapona. Aliishi mpaka mwaka 2004, na miaka mingi alisimulia kwa kinywa chake yaliyompata.

Hapo, wasikilizaji, ndipo penye kiini cha somo la leo. Hospitali ile ilifanya kazi mbili. Ya kwanza ni kutibu jeraha. Ya pili ni kuliandika. Daktari Wilson aliwaandikia jamaa zake barua ndefu kueleza aliowapokea na namna walivyoumizwa. Mchungaji John Magee aliingia wodini na mashine ya sinema, akawapiga picha majeruhi vitandani, na Li Xiuying ni mmoja wao. Mwenzao, George Fitch, alizitoa filamu hizo mjini zikiwa zimeshonwa ndani ya koti lake. Chama cha hisani cha Wachina kilichozika maiti kiliweka hesabu, nayo ilipita 40,000.

Wakati ule pengine waliona ni kazi bure, maana barua haizuii risasi. Lakini mwaka 1946 Wilson na Magee walisimama mbele ya mahakama ya kimataifa mjini Tokyo, wakatoa ushahidi. Mwaka 1948 mahakama hiyo ilitoa hukumu yake, ikakadiria kwamba waliouawa walizidi 200,000. Serikali ya China husema ni 300,000. Watu hubishana juu ya hesabu, lakini asemaye kwamba hakuna lililotokea hujibiwa na daftari la daktari. Kitabu cha mama Cheng Ruifang nacho kimehifadhiwa, na mwaka 2015 kumbukumbu za mauaji hayo, kitabu hicho kikiwamo, ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya kumbukumbu za dunia.

Kazi hiyo iliwagharimu sana. Wilson alirudi kwao mwaka 1940 akiwa amechoka mwili na akili. Bibi Vautrin alirudi kwao mwaka huo huo, moyo umevunjika, na mwaka 1941 akajiua. Rabe alifukarika Ujerumani baada ya vita, na mwaka 1948 watu wa Nanjing, ambao wenyewe hawakuwa matajiri, walichanga fedha na kumpelekea chakula. Akiba haiozi, walisema wazee wetu, na wema nao ni akiba.

Sasa, ninyi mlio katika vikundi, zungumzeni maswali haya matatu. La kwanza: kwa nini makaa ya mawe yalikuwa sawa na dawa katika hospitali ya Gulou? La pili: alama ya msalaba mwekundu hupata nguvu yake wapi? La tatu: katika kijiji chenu au mtaa wenu, likitokea jambo zito, ni nani atakayeliandika?

Mpaka juma lijalo, wasikilizaji wapenzi. Kwaherini.