Tulivuka Luapula, tusipoteze mutoto mu kisima

(Maneno tuliyosema mu mukutano wa bamemba, Lubumbashi, mbele ya mvua)



Wengi kati yenu mulikimbilia Zambia, mukarudia kwa kuvuka Luapula ao Ziwa Moero. Yale maji kila mutu aliyaogopa. Hapa Lubumbashi ule woga umekwisha kwa sababu hatuone ziwa. Lakini maji iko mu lupango.

Tukipita mu nyumba zenu, tunaona visima visivyo na kifuniko, ao vilivyofunikwa na kipande cha manjanja chenye kutu. Tunaona pia mashimo ya udongo wa matofali. Wenye kuchimba bamekwenda, mvua inayajaza, batoto banaingia kuogelea. Pembeni ni utelezi, na hakuna anayejua urefu wake.

OMS inasema mwaka 2021 bantu karibu 300 000 walikufa maji mu dunia yote; karibu robo yao ni batoto wa chini ya miaka 5. Mutoto mudogo hapige kelele. Anazama kimya, na bukari ingali mu moto.

Bamoja banatuambia: "Sisi ni bapangaji tu, kisima ni cha mwenye lupango." Ni kweli. Lakini kisima hakiulize mutoto ni wa nani. Tuende pamoja kwa mwenye lupango, na likelemba ya mwezi huu ianze na mbao za bapangaji.

Tunaomba mambo tatu:

1. Kisima kizungushiwe ukuta wa matofali, kiwe na kifuniko kizito chenye kufuli.

2. Mwenye kuchimba shimo alijaze. Akikataa, tumujulishe shefu wa avenue.

3. Mutu akizama, usiruke ndani. Wengi bamekufa hivyo, wawili wawili. Mutupie bidoni tupu ya litre 20, imefungwa kizibo, iko na kamba. Inaelea. Ukimutoa na hapumue, usimuninginize kichwa chini, usimufinye tumbo. Mulalishe chali, mupulizie pumzi mu kinywa, kisha sukuma kifua, rudilia bila kuacha. Mwingine akimbie kutafuta gari ya hospitali.

Kwa rafiki zetu wenye kutusaidia: kifuniko cha kisima hakipendeze mu picha, na mutoto aliyepona haandikwe mu raporo. Mutusaidie hata hivyo.

Mvua iko karibu.